Usingizi Hauamrishwi: mwongozo wa usiku kwa mwenye mtoto wa usonji anayekimbia kuamriwa

Saa mbili na nusu ya usiku, Wete, Pemba. Sala ya Isha imeshatoka, vyombo vimeshaoshwa, wadogo zake wawili wameshalala. Nikasema maneno mawili tu: "Haya, kalale." Mwanangu, wakati ule ana miaka sita, akaingia chini ya meza. Akasema miguu yake imekufa. Nikamvuta. Akasema yeye si mtu, ni paka, na paka hawalali usiku. Nikapandisha sauti. Saa sita na robo tulikuwa bado tumo vitani: kanga yangu imechanika, yeye amejigonga kichwa ukutani, wadogo zake wameamka wanalia, na mama mkwe amesimama mlangoni na tasbihi mkononi, ananiangalia bila ya kusema neno.

Leo ana miaka tisa na nyusiku zetu nyingi ni za salama. Si zote. Niliyoyaandika humu ni yaliyotufaa nyumbani, pamoja na yale ambayo watu wa taaluma ya usonji (autism) na ya usingizi wanayasema. Ukiwa na mtoto wa namna hii, usiyafanye yote kwa wiki moja. Anza na hatua mbili za mwanzo, nyengine zitakuja.

Anachokikimbia ni nini

Watoto wengi wenye usonji hupata tabu ya usingizi kuliko watoto wengine. Hilo limechunguzwa sana na halina ubishi. Lakini miongoni mwao wamo ambao tabu yao ina sura ya pekee: kila wanapoambiwa "fanya", mwili wao unalipokea neno lile kama hatari, hata kama jambo lenyewe wanalipenda. Elizabeth Newson, mwanasaikolojia wa watoto wa Nottingham, Uingereza, alianza kuwaeleza watoto hawa katika miaka ya 1980, na makala yake inayotajwa sana ilitoka mwaka 2003. Alieleza kwamba mtoto huyu hakatai kwa ukimya. Hutoa visingizio, hugeuza mazungumzo, husema viungo vyake havifanyi kazi, hujifanya mtu au mnyama mwengine, na yote yakishindikana hulipuka. Nilipoyasoma hayo nililia kwa ajili ya yule paka wa chini ya meza. Nilikuwa nimemwita mtoto mtundu kwa miezi kumi na nane.

Hali hii, ambayo Newson aliiita kwa Kiingereza Pathological Demand Avoidance (PDA), yaani kukimbia kuamriwa kupita kiasi, haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha za maradhi zinazotumiwa na madaktari, ICD-11 na DSM-5, na wataalamu bado wanabishana iitwe nini. Kwa hiyo daktari wako akiandika "usonji" peke yake, usigombane naye juu ya jina. Kinachokuhusu wewe ni kwamba njia za kawaida za kumlea mtoto (ratiba kali, nyota ukutani, adhabu, kuhesabu mpaka tatu) kwa mtoto huyu mara nyingi huzidisha moto.

Na hakuna saa yenye amri nyingi kama ya kulala. Siku moja nilikaa na karatasi nikahesabu. Kutoka adhana ya Magharibi mpaka taa kuzimwa nilimwamrisha mara 31: kula, maliza, nawa, koga, vua, vaa, piga mswaki, nenda chooni, ingia, tulia, nyamaza, fumba macho. Tena baada ya zote hizo inakuja amri ya mwisho, ile ya mwili wake mwenyewe unaomwambia lala. Na hiyo pia anaikimbia. Ndiyo maana utamwona macho mekundu, anapepesuka, na bado anapigana.

Hatua ya kwanza: mwili kabla ya tabia

Usianze kubadilisha chochote kabla hujajua kwamba hakuna kinachomuuma. Mtoto mwenye usonji anaweza asijue kusema "tumbo linaniuma", akakuambia kwa kupiga mlango teke.

Mwangalie akilala. Akikoroma kila usiku na mdomo wazi, au pumzi ikasimama kisha ikarudi kwa kushtuka, huenda mafindofindo yamevimba. Akijikuna nyuma usiku, fikiria minyoo. Akiwa hapati choo siku tatu, tumbo halitamwachia alale. Akitupa miguu na kuisugua godoroni kila usiku, omba apimwe damu na madini ya chuma, kwa sababu upungufu wa chuma huleta kutotulia kwa miguu. Na akiamka amekakamaa, au amechanganyikiwa na mate yanamtoka, usingoje: kifafa huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine, na huweza kuja usiku. Mrekodi kwa simu, sekunde thelathini tu. Video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uulize kuhusu barua ya rufaa. Pemba hospitali kubwa ni kama ya Chake Chake na ile ya Abdalla Mzee Mkoani. Unguja ni Mnazi Mmoja. Nenda na majibu ya maswali matatu: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, na anakula nini usiku.

Hilo la mwisho lilitufumbua macho. Kwetu chai ya mkandaa (chai kavu isiyo na maziwa) na mkate ndicho chakula cha usiku, na mwanangu alikuwa akinywa vikombe viwili baada ya Isha. Majani ya chai yana kafeini, kama ilivyo kahawa na soda za kola, na chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua chuma. Tulimhamishia kwenye maji ya mchaichai yasiyo na majani ya chai. Hatukumwambia kwamba amekatazwa. Birika lilibadilika, basi.

Hatua ya pili: daftari la siku kumi

Kwa siku kumi usirekebishe kitu. Andika tu: saa ulipoanza kumlaza, saa aliyopata usingizi kweli, saa aliyoamka, na jambo moja la mchana lililokuwa zito. Mimi niligundua kwamba mwanangu, nipigane nisipigane, mara nyingi alikuwa akilala kama saa nne na dakika arubaini. Kila usiku nilikuwa nikianza vita saa mbili mapema kuliko mwili wake ulivyokuwa tayari.

Ukishaijua saa yake ya kweli, ifuate kwanza. Shughuli ya kulala isogeze mpaka karibu na saa hiyo. Kwetu ilikuwa saa nne na nusu. Najua inaumiza, na najua jirani atasema. Mtoto wa miaka sita mpaka kumi na mbili anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka mitatu mpaka mitano saa 10 hadi 13 pamoja na ule wa mchana, kwa hiyo mwanzoni atapungukiwa. Lakini atajifunza jambo ambalo hajawahi kulijua: kwamba mtu anaweza kuingia kitandani na usingizi ukaja bila ya ugomvi. Akilala ndani ya dakika ishirini kwa nyusiku tatu mfululizo, sogeza nyuma robo saa. Tatu nyengine, robo nyengine. Akikwama, baki hapo hapo. Sisi ilituchukua kama miezi mitatu kufika saa tatu na robo.

Kinachoishika kazi yote hii ni asubuhi. Saa ya kuamka isibadilike, hata siku ambazo hakuna skuli, na akiamka atoke nje penye mwangaza. Mwangaza wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili. Mie nilikuwa nampelekea kuku chakula uani na kuuacha mlango wazi. Mara nyingi alinifuata mwenyewe. Na usingizi wa baada ya Alasiri, kwa mtoto mkubwa, ukwepe ukiweza.

Hatua ya tatu: mchana mwepesi

Fikiria debe chini ya bomba. Skuli mkondo wa asubuhi: kaa, andika, panga mstari. Kisha chuoni, yaani madrasa: soma, rudia, usichezecheze. Mtoto huyu anaweza kuwa mpole kwa watu siku nzima, akajizuia, halafu debe likamwagika mbele ya mtu anayemwamini, yaani wewe. Mwalimu akikuambia "huku hana shida yoyote", amini kwamba anasema kweli, na amini pia unachokiona nyumbani.

Akirudi, mpe saa nzima isiyo na amri. Hata swali ni amri: "leo umesoma nini?" linamtaka ajibu. Weka maji na chakula mahali anapopita, nyamaza. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa chuo, nikampa salamu, nikamweleza kwamba nataka mtoto asome siku tatu badala ya tano, na akiishia nusu ya aya asishikwe. Alinikubalia. Si kila mwalimu atakubali, lakini ukienda kwa adabu na kueleza kabla mambo hayajaharibika, wengi husikiliza. Twisheni ya jioni tuliiacha kabisa.

Hatua ya nne: ulimi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipochelewa zaidi, kwa sababu Kiswahili cha mama na mtoto kimejaa amri. Njoo. Kaa. Shika. Kula. Sisi tumelelewa hivyo na hatukuona ubaya wake. Kwa mtoto huyu inabidi ujifunze kusema upya.

Sema kilichopo, usiseme anachotakiwa kufanya. Badala ya "kakoge", nasema: "Maji ya uvuguvugu yamo ndooni." Kisha naondoka. Kule kuondoka ndiko kwenyewe. Ukibaki umesimama unamtazama, kusimama kwako kumeshakuwa amri. Badala ya "vaa", nakiweka kikoi chake juu ya kiti na kusema na nafsi yangu: "Hiki kimekauka vizuri leo." Badala ya "kalale": "Mie miguu inaniuma, najilaza." Na najilaza kweli, mkekani, karibu na godoro lake.

Mwombe msaada wa kweli, usimbebeshe kazi. Kuna usiku nilikuwa natandika chandarua, nikasema: "Upande wa ukutani huu unanishinda." Alikuwa kwenye kona ameupa ukuta uso. Zikapita dakika mbili, tatu. Akaja akasema, "Wewe hujui, mama. Pisha." Akaukunja ukingo wa chandarua mara nne, akauchomeka chini ya godoro, akaupiga kwa kiganja kama anavyofanya bibi yake, akazunguka pande zote mpaka mwenyewe akajikuta yuko ndani. Akasema, "Silali. Nakilinda tu." Nikasema, "Haya," nikaendelea kulala chali na kuangalia dari. Mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika, kama kawaida yake. Baada ya muda nikasikia shuka limenyamaza.

Mpe kuchagua panapokuwa na chaguo la kweli: shuka la buluu au la mistari, kichwa huku au kichwa kule. Chaguo lisilo la kweli ("unalala mwenyewe au nikulaze?") atalitambua upesi na hatakuamini tena. Na siku ambayo debe limejaa, hata kuchagua ni mzigo; siku hiyo chagua wewe, kimya.

Mwondolee amri ya usingizi wenyewe. Sentensi iliyotufaa kuliko zote ni hii: "Si lazima ulale. Mwili unapumzika tu." Nayo ni kweli. Hakuna binadamu anayeweza kulala kwa kuamrishwa, si yeye wala mimi wala wewe.

Sifa nazo zitazame. "Hongera mwanangu, jana umelala mapema!" ni maneno mazuri kwa mtoto mwengine. Kwa huyu ni ahadi anayotakiwa kuitimiza leo, na leo hatalala. Ukitaka kumsifu, mwambie baba yake upande wa pili wa pazia, kwa sauti ambayo mtoto ataisikia bila ya kulazimika kuijibu.

Vitisho viache kabisa. Usimwambie askari atakuja, wala daktari na sindano, wala popobawa, lile zimwi la usiku linalosimuliwa kwetu. Wanaokumbuka mwaka 1995 hapa Pemba, watu wazima walivyolala nje kwa makundi kwa hofu, wanajua kwamba hofu ya usiku haileti usingizi. Mtoto wako ameshaingia usiku akiwa na hofu. Kumuongezea ni kumwonea.

Na yako mambo ambayo si ya mtu yeyote nyumbani, hayo yatumie. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Jua linatua kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo mwaka mzima, na Isha inafuata baada ya saa moja na kitu. Adhana haimwambii yeye peke yake, inawaambia watu wote wa mji. Kwetu Isha ikishaadhiniwa taa ya ukumbini hupunguzwa, kwa kila mtu, hata kwa babu. Mwanangu halibishii hilo kwa sababu hakuna wa kumbishia. Yuko mama mmoja wa Chake ninayemjua ambaye mwanawe adhana yenyewe ilimchoma, akaona ni amri ya kwenda kusali. Yeye anaitumia feni, ambayo huwashwa saa ile ile kila siku. Sala na umri wa mtoto mwenye hali hii ni jambo la kumuuliza shekhe unayemwamini. Dua ya kulala mie naisoma mwenyewe, kwa sauti ndogo. Simwambii arudie. Siku hizi huimalizia.

Mbinu zote hizi huchakaa. Ya chandarua ilidumu wiki tatu, halafu akaninusa. Kuwa na tatu au nne za kubadilisha, na usihuzunike moja ikifa.

Hatua ya tano: chumba

Chandarua hakina mjadala, mbu wapo. Lakini kile cha duara kinachoning'inia kutoka tundu moja humgusa usoni, na mtoto ambaye ngozi yake inasikia kila kitu hawezi kukivumilia. Tafuta cha pembe nne, kifunge juu kwa kamba mpaka kikae kama chumba. Mwanangu anakiita hema.

Joto la kaskazi, Disemba mpaka Machi, ni nusu ya ugomvi wetu. Godoro tunalishusha chini, karibu na mlango wa uani ulio na wavu. Kanga iliyoloweshwa ikakamuliwa vizuri, juu ya miguu, inasaidia. Blanketi zito linalouzwa kwa ajili ya watoto wenye usonji sikulipendelea: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba linaongeza usingizi, ingawa watoto wengine walilipenda, na kwa joto letu ni mateso. Akipenda kubanwa, mto mrefu wa usufi ubavuni unatosha.

Taa iwe ndogo na ya rangi ya manjano, na taa ya chaji iwe karibu, maana umeme ukikatika ghafla na feni ikanyamaza, ukimya ule unamwamsha. Udi nao. Bibi alikuwa akifukiza kila usiku wa Ijumaa, na kila usiku wa Ijumaa mtoto alikuwa hashikiki. Hatukuuunganisha uzi huo mpaka daftari lilipotuonesha. Sasa unafukizwa mchana, madirisha wazi.

Kulala pamoja naye si kosa. Vitabu vya kigeni vinasisitiza mtoto alale chumba chake. Nyumba zetu hazikujengwa hivyo, na kwa mtoto mwenye hofu mwili wa mama au wa bibi ulio karibu ni dawa.

Hatua ya sita: kupunguza na kuhamisha

Chukua zile amri zako 31 uzigawe. Za lazima ni za usalama tu: chandarua, mlango wa nje kufungwa, na dawa kama anatumia ya kifafa. Zilizobaki ama zihamishe, ama ziache. Kukoga kulihamia baada ya Alasiri, akirudi kucheza, wakati ana jasho na anayataka maji. Mswaki ulihamia mara baada ya chakula, uani, sote kwa pamoja. Nguo za kulala tuliziacha: analala na kaptura aliyoshinda nayo. Hakuna aliyedhurika.

Simu ni ngumu kuliko yote hayo. Mwangaza wake na vishindo vyake huchelewesha usingizi, lakini kumpokonya ni kuanzisha vita mwenyewe. Kilichotusaidia ni kupakua vipindi vifupi vyenye mwisho, na intaneti kuzimwa kwa nyumba nzima baada ya Isha. Kikiisha, kimeisha. Mahali pa simu pakaingia sauti: kisomo cha Qur'ani kwa sauti ndogo sana, au bibi na hadithi zake za Abunuwasi na za sungura. Zamani bibi alikuwa akisema "Paukwa!" na kungoja. Mtoto hakujibu hata siku moja, bibi akavunjika moyo. Nilipomweleza kwamba kule kungojwa ndiko kunakomziba mdomo, akaanza kujijibu mwenyewe: "Paukwa, pakawa, hapo zamani…" na kuendelea moja kwa moja. Mtoto akasogea karibu.

Hatua ya saba: ikilipuka

Italipuka. Hapo hakuna cha kufundisha. Mlipuko huu si deko. Ni mwili uliokosa pa kukimbilia, na yeye mwenyewe unamtisha. Mtu mzima mmoja tu abaki naye, wadogo zake watolewe. Usiseme zaidi ya maneno matano. Kaa chini, ubavu kwake, usimkazie macho. Ondoa vya kuvunjika na vya kuumiza, weka mto baina ya kichwa na ukuta. Usimshike isipokuwa anajidhuru, usimfungie mlango, na bakora isiguswe. Amri iliyowasha moto iache kwa usiku huo, yote. Wengine watakuambia umeshindwa. Mtoto anayezama hafundishwi kuogelea wakati ule, hutolewa majini kwanza.

Ukipita, mpe maji. Usimuulize kwa nini. Usimtake aombe radhi.

Akiamka usiku wa manane, usiku uwe hauna ladha: hakuna taa, hakuna simu, hakuna mazungumzo, wewe upo tu. Wengi huamshwa na adhana ya Alfajiri. Feni au sauti ya mawimbi iliyorekodiwa huifunika kidogo.

Kuhusu dawa za usingizi

Melatonini ni homoni ambayo mwili hujitengenezea giza likiingia, na kwa baadhi ya watoto wenye usonji inasaidia kufupisha muda wa kungoja usingizi. Ulaya iliidhinisha mwaka 2018 aina yake moja kwa watoto wenye usonji wa miaka 2 hadi 18, pale mbinu za kawaida za kulala zinapokuwa hazikutosha. Iwe kwa mkono wa daktari. Vidonge vinavyouzwa kama lishe usiviamini kwa macho: vilipopimwa Kanada mwaka 2017, baadhi vilikuwa na zaidi ya mara nne ya kilichoandikwa kwenye chupa, na vyengine sehemu ndogo tu. Na ile tabia ya kumpa mtoto dawa ya maji ya mafua ili alewe alale, tuiache. Si kazi yake, na watoto wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Watu wa nyumbani

Huwezi kuifanya kazi hii peke yako ilhali wifi anasema mtoto kadekezwa. Mimi nilichagua asubuhi moja ya utulivu, si usiku wa vita, nikakaa na mama mkwe kizingitini. Nikamwambia, "Mama, nakuomba siku kumi tu. Kwa siku kumi tusimwamrishe mtoto baada ya Magharibi, halafu wewe ndiye utakayesema kama pana tafauti." Akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, mie nimelea saba." Nikamjibu, "Naam, mama, ndiyo maana nakuomba wewe." Siku ya nane alinijia jikoni akasema usiku uliopita amesikia vyura wakilia. Miaka mingi alikuwa hajawasikia kwa kelele zetu.

Kuhusu majini: wengi watakuambia mtoto amekumbwa. Usigombane nao. Kisomo cha Qur'ani kwa utulivu hakimdhuru, na kwa familia ni faraja. Lakini kifanywe mchana, kwa mtu anayejua kwamba mtoto hashikwi kwa nguvu, hafukizwi, hapigwi, na dawa zake za hospitali hazisimamishwi.

Nawe gawana nyusiku na mwenzio. Sisi ni mbili kwa mbili. Usiku ambao si wako, lala chumba chengine, usisikilize mlangoni.

Ramadhani na msimu wa karafuu

Kwa mtoto huyu mwaka wetu una milima miwili. Ramadhani huugeuza usiku mchana: futari, tarawehe, watoto nje mpaka saa tano, daku. Usishindane nayo. Shika saa ya kuamka kadiri uwezavyo, acha saa ya kulala ichelewe, na baada ya Idi rudi nyuma kwa robo saa kama ulivyofanya mwanzo. Itachukua wiki mbili au zaidi.

Karafuu ni ngumu zaidi kwa sababu haina tarehe. Mara nyumba inajaa watu na majamvi, harufu inaingia mpaka kwenye mito, na jioni wote wanakaa kuchambua na kuzungumza. Mwaka wa kwanza tulimfungia ndani asisumbuliwe, ikawa mbaya. Mwaka wa pili tukamwacha akae pembeni. Akagundua kwamba anapenda kutenganisha makonyo (vile vikonyo vya karafuu) na karafuu zenyewe: kitu kidogo, cha aina moja, hakuna anayemwambia afanye, mikono inakwenda. Tukahamisha kuchambua barazani kwenye upepo, na wageni tukawaomba mapema wasimsemeshe wala wasimsifu. Mwaka jana alilala pale pale jamvini, mkono mmoja umezama ndani ya makonyo, na baba yake akambeba mpaka ndani bila ya kuwasha taa, akauchomeka ukingo wa chandarua mara nne, kama mwenyewe anavyotaka.